Mwezi ndani ya sabuni: shajara ya mche wa Idi

1 Shaabani. Hesabu ya siku

Sabuni ya Idi ina saa yake. Inatakiwa iwe bafuni asubuhi ya tarehe mosi ya mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, watu wakioga kabla ya kuvaa na kwenda kuswali. Ikifika jioni yake, ni sabuni tu. Ndiyo maana hesabu ya mradi huu inaanzia mwisho kurudi mwanzo.

Sabuni hii haipikwi: ni mafuta, maji na kostiki (sodiamu haidroksidi, kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni), basi. Mafuta hugeuka sabuni ndani ya siku mbili hivi, lakini kipande hakifai kuogea mpaka kikauke wiki nne, na wiki sita ni bora zaidi. Mwezi wa Kiislamu una siku 29 au 30 na hakuna anayejua mapema, kwa hiyo tunapanga kwa 29. Tukimimina 15 Shaabani na kukata 17, hata miezi yote miwili ikiandama kwa 29, zinabaki siku 42 kamili hadi Idi. Atakayeanza mwezi mmoja baadaye, funga ikiwa katikati, anunue sabuni tayari ya kuyeyusha na kumimina kwenye kalibu. Hiyo hutumika siku ya pili, na si aibu.

Umbo: mche mmoja utakaotoa vipande 10, kila kipande kikionyesha mwezi mwandamo mweupe katika rangi ya usiku. Mwezi upite mche mzima toka mwanzo hadi mwisho, kama risasi ndani ya penseli. Nakshi zinazobandikwa juu hufutika kwa kuoga mara tatu. Huu utabaki mpaka sabuni inakuwa kipande cha kuteleza mkononi.

Tuliyoyakataa: nyota, kwa sababu mti wa sabuni wa umbo la nyota wenye ncha tano kali huvunjika ncha kabla haujaingia kwenye mche. Na sabuni za umbo la kaimati na haluwa. Zinavutia sana, na rangi ya haluwa hupatikana bila taabu kwa harufu ya vanila, ambayo hugeuza sabuni kuwa kahawia yenyewe. Lakini siku ya Idi sahani za haluwa zinazunguka nyumba nzima na watoto hawaulizi mara mbili. Kitu cha kuogea kisifanane na cha kula.

3 Shaabani. Vipimo

Kwa kilo moja ya mafuta: nazi gramu 300, mawese yaliyosafishwa 400, alizeti 250, nyonyo 50. Nazi inaleta povu na ugumu, mawese yanafanya kipande kisiyeyuke haraka, alizeti inalainisha, na nyonyo hiyo kidogo inashikilia povu lisipotee.

Kila mafuta yana kiasi chake cha kostiki. Gramu moja ya nazi inataka 0.183, mawese 0.141, alizeti 0.134, nyonyo 0.128. Jumla kwa kilo hii ni gramu 151.2. Tunapunguza kama asilimia 5 ili mafuta kidogo yabaki bila kugeuka na ngozi isikauke, tukaandika 143. Maji ni mara mbili ya kostiki: 286.

Hesabu hiyo ndiyo inayomkamata anayebadilisha mafuta kwa sababu nazi imeisha dukani. Ukitia mawese mahali pa gramu 300 za nazi bila kugusa kostiki, umeacha gramu 12.6 zisizo na kazi, na ile akiba ya asilimia 5 ni gramu 8 hivi tu. Sabuni itaunguza. Piga hesabu upya kila mafuta yanapobadilika, na pima kwa mizani, mafuta na maji pia. Kikombe hakina nafasi hapa.

Kostiki yenyewe ina mitego miwili. Wa kwanza ni jina: magadi soda si kostiki, na hayana nguvu ya kugeuza mafuta haya. Dawa za kuzibulia mabomba nazo ziachwe, maana nyingine zimechanganywa na chembe za alumini. Wa pili ni hewa yetu ya pwani. Kostiki hunywa unyevu. Mfuko uliofunguliwa na kufungwa kwa fundo hushikana mabonge ndani ya siku chache, na ukipima gramu 143 za mabonge hayo sehemu ya uzito ni maji. Matokeo yake ni sabuni laini inayoacha mafuta kwenye kidole hata baada ya mwezi. Tunaiweka kwenye chupa ya plastiki yenye mfuniko wa kukaza.

6 Shaabani. Jaribio lililogeuka ugali

Mche mdogo wa nusu kilo ya mafuta, kupima harufu na rangi kabla ya kazi yenyewe. Harufu: mafuta ya karafuu gramu 10. Joto la mchanganyiko 45°C, blenda ya mkono. Karafuu ilipoingia tu, haikupita dakika. Uji ukawa ugali, na ugali ukashika blenda.

Sababu ni eujenoli, kiini kinachoipa karafuu harufu yake. Inaharakisha kazi ya kostiki kuliko karibu harufu yoyote nyingine, na joto na blenda vinaongeza kasi. Kwa kipande cha rangi moja ungeweza kukandamiza ugali huo kwenye kalibu ukanyamaza. Kwa sabuni ya mwezi haiwezekani, kwa sababu usiku lazima umiminike kuuzunguka.

Marekebisho matatu: karafuu ishuke hadi gramu 3 na kazi kubwa ya harufu iachiwe mchaichai gramu 16, ambao hauna papara; harufu iingie mwisho kabisa, kwa mwiko, blenda ikiwa imezimwa; na joto lishuke hadi 37°C. Chini ya 35 tusiende. Mawese huanza kuganda, uji ukaonekana umekolea kumbe ni mafuta baridi tu, na baadaye hujitenga ndani ya kalibu. Kupunguza karafuu kuna faida nyingine: ikizidi, huwasha ngozi.

Rangi nazo zilijaribiwa kwenye vipande vidogo. Rangi ya buluu ya chakula ilianza vizuri, kisha ikahamia kwenye sabuni nyeupe iliyobandikwa pembeni. Mpaka ukawa na ukungu. Choya, inayotoa juisi nyekundu ya kupendeza, ikawa rangi ya matope mara ilipokutana na kostiki. Iliyoshinda ni ultramarini ya vipodozi, kwa sababu ni madini: haiyeyuki kwenye maji, haihami, na kostiki haiigeuzi. Buluu ya kufulia ya dukani tuliiacha, maana pakiti haisemi ndani kuna nini.

Ugali wa karafuu haukutupwa. Ulikwanguliwa kwenye kikwaruzo, ukayeyushwa taratibu na maji kidogo juu ya sufuria ya maji moto, ukawa sabuni ya kufulia yenye harufu ya ubani wa harusi.

12 Shaabani. Kumimina mwezi

Kalibu ya mwezi ni mabomba mawili ya plastiki ya fundi bomba, urefu sentimita 27. Kubwa lina kipenyo cha ndani milimita 46, dogo kipenyo cha nje 32. Ukilisimamisha dogo ndani ya kubwa na kulisogeza mpaka liguse ukuta upande mmoja, nafasi inayobaki ni mwezi mwandamo: milimita 14 tumboni, ikipungua hadi sifuri kwenye pembe. Hakuna kalibu ya kununua inayotoa mwezi mzuri kuliko huo.

Bomba kubwa limepakwa ndani mafuta ya mgando, utando mwembamba. Mafuta hayo yanatoka kwenye mafuta ghafi ya ardhini na kostiki haiyagusi. Ukipaka mafuta ya nazi, yatageuka sabuni na kuganda pamoja na mwezi. Bomba dogo limezungushiwa karatasi ya kuokea tabaka moja, likabanwa kwenye ukuta kwa selotepu juu na chini. Kitako kimefungwa kwa nailoni na selotepu, kisha yote yakasimamishwa ndani ya kopo.

Nafasi hiyo kwa urefu wa sentimita 25 inameza mililita 214, yaani mchanganyiko wa gramu 150 za mafuta: nazi 45, mawese 60, alizeti 38, nyonyo 7, kostiki 21.5, maji 43. Rangi nyeupe ni titani daioksidi gramu 2, iliyosagwa kwanza kwenye kijiko cha alizeti kutoka humohumo kwenye kipimo. Ikitiwa kavu huacha madoa ya unga. Hakuna karafuu wala vanila kwenye mwezi. Zote mbili huufanya uwe na rangi ya meno ya mvuta tumbaku.

Taratibu ya kostiki ni ileile kila mara. Kostiki inaingia kwenye maji, kamwe si maji kwenye kostiki. Chombo ni plastiki ngumu inayostahimili joto au stiili. Alumini huliwa na kutoa gesi ya haidrojeni. Glavu, miwani ya kinga, mikono mirefu, dirisha wazi, watoto na paka nje. Maji hupanda ghafla hadi karibu 90°C na kutoa mvuke unaokaba koo, kwa hiyo tunatumia maji yaliyokaa friji na kusimamisha chombo kwenye beseni la maji baridi. Ikirukia ngozi ni maji mengi ya bomba, mara moja, kwa muda mrefu. Siki isipakwe kwenye ngozi. Inaongeza joto palepale palipoungua.

Uji wa mwezi ulisimamishwa ukiwa mwepesi kama tui zito, ukatiwa kwenye mfuko wa nailoni uliokatwa kona na kumiminwa upande wa tumbo. Kila robo ya bomba tulisita na kugonga kopo mezani mara kumi. Mapovu yanapanda polepole kwenye nafasi nyembamba, na lisilotoka leo litakuwa tundu kwenye kipande cha Idi.

13 Shaabani, usiku. Kuutoa

Saa 36 ndani ya bomba, kisha saa moja na nusu kwenye friza. Bomba dogo linatoka kwanza kwa kulizungusha, karatasi inabaki na kubanduliwa. Halafu mwezi unasukumwa kwa kitako cha chupa nyembamba.

Bomba la pili, la akiba, lilifunguliwa baada ya saa 20. Mwezi ukatoka vipande vitatu. Sabuni ndani ya bomba haipati hewa na hukaa laini muda mrefu kuliko iliyo kwenye sanduku la wazi, kwa hiyo saa zinazotosha mche wa kawaida hapa hazitoshi.

Mwezi unapotoka ni pete isiyo sawa, pembe zimekutana. Sehemu nyembamba ikatwe kwa wembe, sentimita moja kila upande wa maungio, ndipo pembe zinapatikana. Zikibaki nyembamba sana huvunjika wakati wa kumimina, kwa hiyo wembe usione huruma. Usikaushe mwezi zaidi ya siku tatu nne: ukishasinyaa peke yake, sabuni mbichi itakayouzunguka itasinyaa baadaye na kuachia ufa.

15 Shaabani. Usiku unamiminwa

Kalibu ya mbao, ndani sentimita 25 kwa 8, kina 7, imetandikwa karatasi ya kuokea. Mafuta gramu 850: nazi 255, mawese 340, alizeti 213, nyonyo 42. Kostiki 121.5, maji 243, na chumvi gramu 8 iliyoyeyushwa kwenye maji kabla ya kostiki, ili mche ukaze mapema. Ultramarini vijiko viwili vya chai na mkaa wa unga robo kijiko, vimesagwa kwenye alizeti ya kipimo. Mkaa ndio unaofanya buluu iwe usiku. Ukizidi hapo povu linakuwa la kijivu na taulo zinalalamika.

Mafuta na maji ya kostiki vyote 37°C. Blenda inapigwa sekunde tano, inazimwa na kukorogea kama mwiko, inapigwa tena. Uji ulipoanza kuacha mstari hafifu juu, harufu ikaingia kwa mwiko. Hapo gramu 400 zikatengwa na kupigwa zaidi peke yake mpaka kijiko kikilazwa juu hakizami. Hicho ndicho kitanda, sentimita 2 kutoka chini. Zilizobaki ziliachwa nyepesi.

Swali la mwezi ulale vipi lilikuwa na jibu moja. Picha za kadi zinauchora umesimama wima, pembe zikitazama pembeni. Ukitoka nje pwani yetu jioni ya kuandama hauoni hivyo: karibu na ikweta mwezi mchanga unalala chali kama mtumbwi, pembe juu. Na sabuni inakubaliana na anga. Ukilaza mwezi tumbo chini, uji mwepesi unamiminika ndani ya mtumbwi kutoka juu na hewa inatoka yenyewe. Ukiusimamisha, pembe ya chini inaficha hewa. Ukiugeuza pembe chini, umejenga pango.

Mwezi ulipanguswa kwa kitambaa chenye maji, ukalazwa katikati ya kitanda na kukandamizwa milimita chache. Mtumbwi ukajazwa kwanza, taratibu, kisha pande zote mbili kwa zamu ili usipinduke. Sanduku likagongwa mezani, nailoni ikalazwa juu ya uso bila kuacha hewa.

Hatukufunika taulo. Chumba kina 31°C, na sabuni ndani ya mbao hujipasha yenyewe. Ikipata joto katikati tu na si pembeni, hutokea duara jeusi zaidi kuuzunguka mwezi. Ni kweli inafanana na mwanga wa mwezi, lakini vipande vya mwisho wa mche havina, na mche mmoja unakuwa na anga mbili. Sanduku liliwekwa juu ya waya, feni ikipuliza.

17 Shaabani. Kukata

Saa 44. Mche umelazwa ubavu, kisu chembamba, upana sentimita 2.5, vipande 10. Kisu kinapanguswa kila mkato, la sivyo buluu inapaka ndevu kwenye mwezi. Kipande kibichi: gramu 142.

Vinane ni safi. Viwili vina tundu dogo ukubwa wa punje ya mtama chini ya pembe ya kushoto, upande ambao uji ulimiminwa mwisho, ukiwa umeshaanza kukolea. Harufu ingetiwa dakika mbili baadaye, pengine visingekuwapo.

20 Shaabani

Vumbi jeupe kwenye kingo za vipande vyote. Ni kostiki iliyokutana na hewa juu ya uso na kuwa magadi. Haidhuru, ila kwenye buluu ya usiku inaonekana kama chokaa. Ilitolewa kwa mvuke wa birika, kipande kikipitishwa sekunde chache na kuachwa kikauke bila kuguswa.

1 na 15 Ramadhani

Vipande viko kwenye chanja la waya, vimesimama, vinageuzwa kila wiki. Uzito: gramu 134, kisha 130. Siku za mvua vinatoka jasho, matone madogo ya gliserini inayovuta unyevu wa hewa. Visifutwe, visianikwe juani, feni inatosha. Jua hupausha harufu na kupinda vipande.

28 Ramadhani. Kufunga

Gramu 127, na uzito haukusogea kwa siku nne. Kipimo cha karatasi cha pH (ukali wa sabuni) kwenye povu kinasoma kati ya 9 na 10, kama sabuni isiyopikwa inavyotakiwa. Mwezi mweupe, mpaka mkali, hakuna ufa hata mmoja.

Vimefungwa kwa karatasi, si nailoni. Jasho likikosa pa kutokea hulainisha uso. Lebo ina mafuta yote, rangi, harufu na tarehe ya kumimina. Karafuu na mchaichai viandikwe kwa jina, maana kuna ngozi zisizopatana navyo. Wengi pia wanauliza kama kuna mafuta ya mnyama, na hapa jibu ni kwamba hamna. Anayetaka kuuza Tanzania ajue vipodozi viko chini ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), na hilo lianze mapema kuliko sabuni.

Mfungo mosi. Kuelekea mfungo tatu

Mche wa Idi ya kuchinja umiminwe kufikia 24 mfungo mosi, kwa hesabu ileile ya miezi ya siku 29. Mabadiliko ni mawili. Gramu 15 za mawese ya mwezi zitakuwa mawese mekundu, bila titani, ili mwezi uwe wa dhahabu.

La pili: Idi hiyo ni tarehe 10 mfungo tatu, na mwezi wa siku kumi si mtumbwi tena, umekaribia kujaa. Bomba dogo halihitajiki. Bomba kubwa peke yake linajaa kwa mililita 415, kwa hiyo mafuta yagawanywe 290 kwa mwezi na 710 kwa usiku, kostiki 41.5 na 101.5, maji 83 na 203. Ukishatoka, ukatwe ubavu mmoja kwa wembe, kipande chembamba tu.